Lori Lililokosa Kazi Kwao

Wanaosimulia historia ya malori ya jeshi hupenda kuanzia kwenye injini. Mimi naanzia kwa wahunzi. Mwaka 1852 ndugu wawili wa ukoo wa Studebaker walifungua karakana South Bend, Indiana, wakiunda magari ya kukokotwa na farasi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, jeshi la serikali likawa mteja wao. Kuuzia jeshi, basi, walikujua tangu enzi za farasi.

Mwaka 1941 kiwanda chao kilianza kutoa lori la US6. Lilikuwa na ekseli tatu, mengi yakivuta kwa magurudumu yote, na lilipimiwa mzigo wa tani mbili na nusu njia mbovu. Injini yake ya silinda sita, nguvu za farasi 86, ilinunuliwa kwa kampuni ya Hercules, na hapo ndipo mkosi ulipoanzia. Jeshi la Marekani lilikwisha kuegemea lori la GMC, ambalo liliundwa zaidi ya 500,000, na halikutaka stoo zake zijae spea za aina mbili. Aliyewahi kulala njiani akingoja spea moja tu hatawalaumu. Studebaker likatengwa kwa ajili ya washirika, Wasovieti wakiwa wa kwanza.

Lori zima hula nafasi melini, kwa hiyo mengi yalisafirishwa vipande vipande ndani ya makasha. Nchini Iran, katika miji ya Andimeshk na Khorramshahr, karakana za kuyaunganisha zilifunguliwa, na vibarua Wairani wakafunga ekseli, kabini na bodi kwenye joto kali. Mwanzoni karakana hizo ziliendeshwa na General Motors, yaani wenye GMC hao hao! Kisha malori yalipakiwa shehena nyingine na kuendeshwa kuelekea kaskazini hadi mikononi mwa Wasovieti.

Huko yalipendwa. Madereva waliyaita “Studer”. Injini ile haikuchagua petroli, nayo matope ya masika hayakuyashinda kwa urahisi. Kuanzia 1943 mitambo ya maroketi ya Katyusha ilifungwa juu yake kwa wingi. Hadi vita vinakwisha 1945, South Bend ilikuwa imetoa karibu malori 200,000, na kampuni ya Reo ya Lansing, Michigan, ikaongeza zaidi ya 20,000 ya muundo huo huo.

Mwaka 1948 kiwanda cha Moscow kilitoa ZIS-151, na sura yake haifichi nasaba. Mwaka 1958 likafuata ZIL-157. Desemba 1963 Studebaker ilifunga uundaji wa magari South Bend. ZIL-157 bado lilikuwa likitoka kiwandani Moscow.