Mfahamu Foulques Nerra, kabaila wa Ufaransa aliyeuzungushia mji ngome na kumchoma moto mkewe

Foulques III, maarufu kwa jina la utani Nerra, yaani "Mweusi", alitawala jimbo la Anjou, magharibi mwa Ufaransa, kuanzia mwaka 987 hadi 1040. Alizaliwa karibu mwaka 970, kwa hiyo alishika madaraka akiwa kijana wa miaka kama 17 hivi, baada ya baba yake kufariki.

Ufaransa ya wakati huo ilikuwa na mfalme, ila nguvu zake nje ya eneo lake zilikuwa ndogo. Makabaila walipigana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 992 tu, Foulques aliwashinda watu wa Brittany vitani Conquereuil, na mtawala wao Conan akauawa.

Lakini adui yake mkubwa alikuwa ukoo wa Blois, walioshika mji wa Tours. Tatizo ni kwamba Tours ulikaa kati ya Angers, makao yake makuu, na ardhi zake nyingine za Loches na Amboise. Miaka ya 990 aliuteka kwa muda mfupi, Mfalme Robert II akamtoa.

Jamaa akabadili mbinu. Akaanza kuuzungushia mji ule ngome: Langeais upande wa magharibi, Montbazon kusini, Montrichard mashariki. Umbali wa ngome moja hadi nyingine ulikuwa wa kuendeka kwa farasi ndani ya siku moja, hivyo ukiishambulia moja, wenzao wanakuja kusaidia.

Tena ngome nyingi za enzi hizo zilikuwa za miti juu ya kilima cha udongo. Yeye alitumia mawe. Mnara wake wa Loches una urefu wa mita 36 hivi, sawa na ghorofa 12, na bado umesimama! Kwa muda mrefu wataalamu walidhani ulijengwa miaka ya 1100, hadi mbao zilizobaki ndani ya kuta zilipopimwa na kuonyesha kuwa ulijengwa kati ya 1013 na 1035.

Sasa upande wa pili wa huyu bwana. Karibu mwaka 1000 alimtuhumu mkewe Élisabeth wa Vendôme kwa uzinzi, na mama huyo akachomwa moto. Mwaka 1008 watu wake walimuua Hugues de Beauvais, kipenzi cha mfalme, mbele ya macho ya mfalme mwenyewe.

Na bado alikuwa anaogopa moto wa jehanamu kwelikweli. Alikwenda kuhiji Yerusalemu si chini ya mara tatu, safari ya miezi mingi na ya hatari, jambo ambalo makabaila wachache sana walithubutu. Aliporudi mara ya kwanza alijenga monasteri ya Beaulieu, karibu na Loches. Askofu mkuu wa Tours akagoma kuizindua mpaka arudishe mali alizolinyang'anya kanisa. Foulques hakurudisha, akaenda Roma, akapata mjumbe wa Papa aje kuizindua. Mtawa Raoul Glaber, aliyeishi zama hizo, anasimulia kwamba siku ileile ya uzinduzi upepo mkali uliezua paa la kanisa.

Alipigana hadi uzeeni. Mwaka 1016 aliwashinda Blois huko Pontlevoy, mwaka 1026 akauteka Saumur. Alifariki mwaka 1040 mjini Metz akiwa njiani kutoka Yerusalemu, akazikwa Beaulieu.

Kupitia binti yake Ermengarde, alikuwa babu wa mbali wa Henry II, aliyetawazwa kuwa mfalme wa Uingereza mwaka 1154.

Na Tours? Ngome zilibaki zimeuzunguka. Mwaka 1044, miaka minne tu baada ya kifo chake, mwanawe Geoffroy Martel aliuteka.