Samaki wa Madimbwi ya Rufiji na Safari Yao Kwenye Matangi ya Kioo

Katika uwanda wa Rufiji, kuanzia Kibiti hadi Utete, kuna samaki wadogo wa jenasi ya Nothobranchius wanaoishi kwenye madimbwi ya msimu yenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Dimbwi likikauka kiangazi, samaki wote hufa. Mayai yao hubaki matopeni miezi kadhaa, kisha huanguliwa mvua inaporudi. Kwa mpishi hawana thamani, maana kambale na perege wapo. Mfugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya aliwaona kwa jicho lingine.

Wanasayansi wa Kijerumani waliwajua ndugu zao mapema. Georg Pfeffer wa Hamburg alieleza N. guentheri wa Unguja mwaka 1893. Spishi za Rufiji zilisubiri karibu karne nzima, na haishangazi: samaki huonekana wakati wa mvua, yaani wakati uleule ambao barabara za huko hazipitiki. Mwaka 1977 Mholanzi Ruud Wildekamp alieleza N. janpapi na N. lourensi, mwaka 1982 Mjerumani Lothar Seegers akamfuatisha N. eggersi, ambaye madume yake huwa mekundu au ya buluu, na majike ya kahawia tu.

Kazi kubwa ya ukusanyaji ilifanywa na wafugaji wenyewe, watu wa likizo na gari la kukodi. Walifuata barabara, wakisimama kwenye mitaro na mashimo yaliyochimbwa kifusi, wakachota kwa nyavu za mkono. Kila kundi lilipewa alama ya nchi, mwaka na namba ya dimbwi, na wafugaji makini hadi leo hawachanganyi samaki wa madimbwi mawili. Jumuiya ya wafugaji hao iliyoundwa Ujerumani mwaka 1969 ilisaidia kuwasambaza samaki hao. Hata posta ilitosha: mayai yalifungwa ndani ya mboji yenye unyevu kidogo, yakasafiri bahasha kwa bahasha, na mpokeaji akayamwagia maji miezi yake ilipotimia. Vifaranga huweza kutoka ndani ya saa chache.

N. janpapi ndiye mgumu kufugwa kuliko wenzake. Hafikii sentimita 5, ni mwoga, hujificha kwenye majani akiwekwa na samaki wakubwa, na hutaka chakula hai chenye umbo dogo sana. Wafugaji humtenga kwenye tangi lake, wengi wakitia chumvi kidogo kuzuia vimelea vinavyomfunika kama vumbi la dhahabu.

Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, liliondoa adha ya kivuko cha Ndundu, na wakusanyaji wakafika kusini kwa urahisi. Mto wenyewe umebadilika pia: bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Madimbwi yanayojazwa na mvua hayategemei bwawa hilo, lakini yale ya kando ya mto hutegemea mafuriko, ambayo pia hubeba samaki kutoka dimbwi moja hadi jingine.