Hedhi, mipaini na bajeti

Leo nataka tuongee jambo ambalo magazeti yetu hulikumbuka kila Mei 28 kisha yanalisahau: hedhi. Najua kuna akina kaka wanaotaka kuondoka hapa. Kaeni kwanza, humu kuna kodi na viwanda pia.

Nimekuwa nikichimba historia yake huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Nilianzia kwa Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyefanya utafiti Rungwe, Mbeya, pamoja na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938. Kitabu chake cha 1957 kuhusu mila za Wanyakyusa kinaeleza kwa kirefu kilichofuata binti alipovunja ungo. Aliwekwa ndani, akakaa na wasichana wenzake, wanawake wakubwa wakamfunda. Sitaki kuipamba mila hiyo. Damu ile ilihesabiwa uchafu wa kuogopwa, na mafunzo yenyewe yalikuwa njia ya kwenda kwenye ndoa. Ila kulikuwa na watu ambao ulikuwa wajibu wao kumweleza binti kinachomtokea.

Kisha ikaja shule. Wamoravian walikuwa wamefika Rungwe tangu 1891, lakini wasichana walijaa madarasani hasa baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977. Shule za kata zikafuata kuanzia 2004, na hizo ziliwachukua mabinti wa umri ule ule wa kuvunja ungo. Shule ikamtoa binti mikononi mwa kungwi, sawa, lakini haikuchukua kazi ya kungwi. Majukwaani tulihesabiwa madarasa na madawati. Nani alituhesabia vyoo vyenye maji na mlango unaofungika?

Sasa twende Iringa, maana hapa ndipo pananiuma. Tuangalie pedi za dukani za Marekani. Kotex iliingia sokoni mwaka 1920, na ilitokana na bandeji za nyuzi za miti zilizotumika kwa majeruhi wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Hadi leo ule ulaini unaonyonya ndani ya pedi nyingi si pamba tupu, ni nyuzi ndefu za miti kama mpaini. Na shamba kubwa kuliko yote ya miti ya Serikali nchini, Sao Hill, liko Mufindi, limejaa mipaini! Kiwanda cha karatasi kilifunguliwa pale Mgololo mwaka 1985. Kikawa kinatengeneza karatasi ngumu za mifuko.

Haya, bajeti. Juni 2018 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alisamehe VAT ya asilimia 18 kwenye taulo za kike. Tulishangilia. Juni 2019 akairudisha, sababu ikiwa kwamba bei haikushuka na wafanyabiashara ndio waliofaidi. Huenda walifaidi kweli. Lakini kusamehe VAT kuna mtego wake: bidhaa ikisamehewa, mwenye kiwanda hawezi kudai kodi aliyokwisha kulipa kwenye malighafi, kwa hiyo anaiingiza kwenye bei. Dawa ilikuwa kutoza asilimia sifuri, ili aidai. Pia mwaka mmoja ni mfupi mno kulihukumu soko. Wakenya waliondoa kodi hiyo mwaka 2004, na mwaka 2017 wakatunga sheria ya kuwapa wanafunzi pedi bure.

Sisi tulipewa kitu kingine. Bajeti ile ile ya 2019 ilipunguza kodi ya mapato kwa wawekezaji wapya wa taulo za kike kutoka asilimia 30 hadi 25, kwa miaka miwili tu, 2019/20 na 2020/21. Kodi hiyo hutozwa kwenye faida. Niambieni nyie mliosoma biashara: ni kiwanda gani kinajengwa, kinaagiza mitambo, kinaajiri na kuanza kupata faida ndani ya miaka miwili?