Neno Moja la Meru, 1956

Mwaka 1956 hukumbukwa kwa kukamatwa kwa Dedan Kimathi, tarehe 21 Oktoba. Huko Meru, ambako vita vya Mau Mau viliwatenga ndugu, wengine msituni na wengine katika ulinzi wa serikali, palizuka uasi mwingine. Mwezi Aprili baraza la wazee la Njuri Ncheke, lenye makao yake Nchiru, likihimizwa na wakoloni, lilipiga marufuku tohara ya wasichana. Wasichana wakajikata wenyewe kwa nyembe, wakaitwa Ngaitana, yaani “nitajitahiri”. Kufikia 1959, wasichana, wanawake na wanaume zaidi ya 2,400 walikuwa wameshtakiwa. Majeraha yale hayasifiwi. Walakini, mwanahistoria asiyekitafakari kiambishi “-ji-” atasimulia amri ya wazee tu; kauli ya mabinti itampita.