Kutoka Mensa hadi Ngeli: Somo la Kwanza la Kilatini na Sarufi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi



Kwa vizazi vingi mtoto wa Kiingereza aliyefungua kitabu chake cha kwanza cha Kilatini alikutana na neno mensa. Alilikariri kwa safu: mensa, mensa, mensam, mensae, mensae, mensa. Maana yake ni meza. Maneno haya mawili hayakufanana kwa bahati. Meza yetu tuliipokea kwa Wareno, waliosema mesa, na Wareno waliirithi mesa kutoka mensa. Shule imetufikia kwa njia ya Kijerumani, na asili yake ni schola, neno ambalo Warumi nao walilichukua kwa Wagiriki. Hata kasri, lililotujia kupitia Kiarabu, lina asili ya mbali katika castrum ya Kilatini.

Hata hivyo, msamiati ni sehemu ndogo ya deni letu kwa Kilatini. Sehemu kubwa zaidi ni namna tulivyofundishwa kuigawa na kuipanga sarufi. Katika mhadhara huu nitaonyesha kwamba somo la kwanza la Kilatini limo ndani ya vitabu vyetu vya sarufi ya Kiswahili. Kisha nitauliza ni kipi katika urithi huo kinachofaa kubaki na ni kipi kinachotupotosha.

2.0 Kitabu cha Kwanza

Katika karne ya 4 aliishi Roma mwalimu aitwaye Donatus, ambaye Mtakatifu Jerome alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Kijitabu chake, Ars Minor, kiliandikwa kwa maswali na majibu, na swali lake la kwanza linahusu idadi ya aina za maneno. Jibu ni nane: nomino, kiwakilishi, kitenzi, kielezi, kitenzi-sifa, kiunganishi, kihusishi na kihisishi. Kwa zaidi ya miaka elfu moja watoto wa Ulaya walianza elimu yao kwa jibu hilo.

Idadi hiyo ya nane ilikuwa ya kuazima. Wanasarufi wa Kigiriki walikuwa na aina nane, mojawapo ikiwa kibainishi. Kilatini hakina kibainishi. Warumi walikiondoa, wakakitenga kihisishi kiwe aina ya pekee, na hesabu ikabaki nane. Tangu mwanzo, basi, aliyeazima alilazimika kurekebisha, lakini pia aliona haya kuvunja hesabu ya mwalimu wake.

Mnamo mwaka 1000 hivi, mtawa Ælfric wa Uingereza aliandika sarufi ya Kilatini kwa lugha ya wanafunzi wake, yaani Kiingereza cha wakati ule. Alieleza kwamba kitabu hicho kingewafaa wavulana katika lugha zote mbili. Katika karne ya 16 sarufi iliyohusishwa na William Lily ilipewa idhini ya mfalme Henry VIII, ikatawala shule za Uingereza kwa zaidi ya karne mbili. Shakespeare aliufanyia mzaha ufundishaji huo katika The Merry Wives of Windsor, pale mvulana anapotahiniwa Kilatini mbele ya mama yake. Katika karne ya 19 kilifuata kitabu cha Benjamin Hall Kennedy, ambacho toleo lake lililosahihishwa lilitoka mwaka 1888.

Ukariri huo ulikuwa na udhaifu wake. Winston Churchill alisimulia katika My Early Life (1930) jinsi alivyoshangaa, akiwa mtoto, kwamba mensa ina umbo la kuitia meza. Mwalimu alimweleza kuwa umbo hilo hutumika mtu anaposema na meza. Mtoto akajibu kwamba yeye hasemi na meza kamwe, naye akatishiwa adhabu. Safu ilikuwa imekamilika, ila mwanafunzi hakuelezwa kazi yake.

3.0 Kilatini Kinapokutana na Lugha za Kibantu

Mwaka 1659 ilichapishwa Roma sarufi ya Kikongo iliyoandikwa kwa Kilatini na Giacinto Brusciotto, mmisionari wa shirika la Wakapuchini. Ndiyo sarufi kongwe ya lugha ya Kibantu iliyochapishwa inayofahamika. Mwandishi huyu alikuwa amelelewa katika safu za mensa, ambamo mabadiliko yote hutokea mwishoni mwa neno. Angeweza kuzilazimisha nomino za Kikongo ziingie katika safu hizo. Badala yake alieleza kwamba nomino za lugha hii hazipangwi kwa miisho yake bali kwa mianzo yake, na kwamba mwanzo wa nomino hutawala maneno yanayoambatana nayo. Akaunda istilahi kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mwanzo.

Huo ndio msingi wa dhana tunayoiita leo ngeli. Karibu miaka mia mbili baadaye Wilhelm Bleek alizipa ngeli namba katika sarufi yake linganishi, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1862, na Carl Meinhof akaiendeleza kazi hiyo.

Tunapaswa kujiuliza ni nini kilichomwezesha Brusciotto kuona. Kilatini kilikuwa kimemzoeza kutazama upatanisho. Anayejua kwamba liber magnus katika wingi huwa libri magni hatashangazwa na kitabu kikubwa kuwa vitabu vikubwa. Vivyo hivyo, anayejua kwamba amo, amas, amat hubeba nafsi mkiani mwa kitenzi ataitafuta nafsi katika ninapenda, unapenda, anapenda, na ataikuta kichwani. Kilatini kilimpa swali. Jibu alilitafuta katika lugha yenyewe.

Si wote waliofanya hivyo. Baadhi ya waandishi wa awali wa sarufi za Kiswahili walikiita kiambishi -ni, kama katika nyumbani, alama ya uhusika wa mahali. Hoja hiyo inavunjika mara tu tunapoongeza kivumishi cha kumiliki. Katika Kilatini, mensa hubaki katika jinsi ya kike katika kila uhusika. Katika Kiswahili, nyumba yangu huwa nyumbani kwangu, nyumbani pangu au nyumbani mwangu. Hapa -ni imeihamisha nomino hadi ngeli nyingine na kubadili upatanisho wote. Uhusika haufanyi kazi hiyo.

4.0 Kilatini katika Seminari Zetu

Afrika ya Mashariki ilikijua Kilatini hasa kupitia seminari za Kikatoliki. Laurean Rugambwa alipita Rubya na Katigondo, akapata upadri mwaka 1943, na mwaka 1960 akawa kardinali. Kilatini kilikuwa lugha ya ibada na ya vitabu vya falsafa na teolojia. Nafasi hiyo ilipungua baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), ulioruhusu lugha za wenyeji katika liturujia.

Mfano mzito wa matokeo ya elimu hiyo ni Padri Alexis Kagame wa Rwanda. Katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu falsafa ya Wabantu wa Rwanda, alitumia ngeli za Kinyarwanda kutafuta kategoria za uhai na vitu, sambamba na zile za Aristotle: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Wapo waliomkosoa, akiwemo Paulin Hountondji wa Benin, kwa kuichukulia sarufi kuwa falsafa ya watu. Pamoja na ukosoaji huo, Kagame alithubutu kuigeuza darubini: alianza na ngeli, ndipo akamwendea Aristotle.

5.0 Funzo kwa Wakati Huu

Mwulize mwanafunzi wa sekondari aina za maneno ya Kiswahili, naye mara nyingi atakujibu kwa haraka: nane. Donatus angefurahi. Lakini mwulize kwa nini juu katika "juu ya meza" huitwa kihusishi ilhali ya ni ya upatanisho, au kwa nini kivumishi -zuri huchukua viambishi vya ngeli kama nomino, naye atanyamaza. Wanasarufi wa Kilatini waliweka vivumishi ndani ya kundi la nomino kwa sababu ya umbo lake. Sisi tumevitenga, na mara chache tunamweleza mwanafunzi sababu.

Hatari iliyopo ni kwamba wazungumzaji wa Kiswahili wanaweza kumaliza shule wakiamini kuwa sarufi ni orodha ya majina, na kwamba lugha yao ni yenye kasoro kila inapokataa kuingia katika orodha hiyo.

6.0 Hitimisho

Sipendekezi Kilatini kirudishwe katika kila darasa, wala sipendekezi istilahi za kale zitupwe. Ninapendekeza kwamba mwalimu wa Kiswahili, anapofundisha ngeli au aina za maneno, aweke angalau lugha moja nyingine kando yake, iwe Kisukuma, Kikuyu, Kiarabu au Kilatini, na awatake wanafunzi waonyeshe mahali safu inapokubali na mahali inapokataa. Brusciotto alifika kwenye ngeli kwa kuzingatia mahali ambapo safu ilikataa. Mwanafunzi wetu, ambaye ngeli amezinyonya pamoja na maziwa ya mama, hana sababu ya kuona kidogo kuliko mgeni yule.