Jamaa Bila Digrii Aliyefundisha Yale

Mjomba wangu aliacha pombe miaka tisa iliyopita. Juzi aliomba kazi ya ushauri katika kituo kimoja cha waraibu, akaulizwa, "Cheti kiko wapi?" Hana. Akarudi nyumbani. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nilikasirika kwa niaba yake, nikaanza kuchimba: kwani haya mambo ya kusomea uraibu chuoni yalianza vipi?

Twende Marekani, 1943. Chuo Kikuu cha Yale kinafungua shule ya likizo ya kusomea mambo ya pombe, chini ya E. M. Jellinek. Zamani mlevi alikuwa kazi ya polisi ama ya mhubiri. Sasa wahubiri, walimu na wafanyakazi wa ustawi wa jamii wanaketi darasa moja. 1944 Yale ikafungua na kliniki, New Haven na Hartford.

Sasa sikia. Mmoja wa waliosimama mbele kufundisha ni Bill Wilson, mwanzilishi mwenza wa Alcoholics Anonymous, iliyoanza Akron 1935. Huyu jamaa alisomea sheria akatoka bila digrii, pombe ikichangia. 1954 Yale ikataka kumpa digrii ya heshima. Akakataa, maana chama chake hakitaki wanachama watafute sifa kwa majina yao.

Hapo nilitaka kufunga laptop nishangilie. Si mnaona, karatasi si kitu! Lakini stori haikuishia hapo.

AA walitunga maswali wenyewe, wakayachapisha kwa jarida lao, Grapevine, halafu wakamwomba Jellinek achambue majibu. Alitumia 98 tu, yote ya wanaume. Ya wanawake yalikuwa machache na tofauti, akayaweka kando. Kutoka hapo, 1946, akapanga hatua za ulevi. Yeye mwenyewe alionya kuwa takwimu zina kasoro, lakini watu wakazifunza miaka na miaka kana kwamba kila mlevi huanguka vile vile.

Hiyo ndiyo shida ya uzoefu peke yake: unadhani njia yako ndiyo ya wote. Mjomba aliacha siku moja, kwa maombi na uji. Alipona. Lakini mlevi wa kupindukia akikatiwa pombe ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Mshauri asiyejua hilo anaweza kuua mtu akidhani anamsaidia. Na wa heroini ni mwingine kabisa. Ndiyo maana Mathari ilianza kutoa methadoni 2014.

Kwa hivyo cheti kina maana, nakubali shingo upande. Lakini Yale haikumfukuza Bill mlangoni, ilimpa nafasi mbele ya darasa. Vituo vyetu vingemwambia mjomba, "Anza kazi chini ya mtu aliyesoma, na wewe usome pole pole." Hakuna aliyemwambia hivyo.

Nilimtumia haya yote kwa WhatsApp. Akajibu: "Sawa mpwa wangu. Tutaenda kusoma wote?"

Bado sijamjibu.