Betri ilitangulia ziwani, baiskeli ikafuata

Wiki mbili hizi mikono yangu imeshika grisi kuliko kibodi. Nimenunua mota ya umeme ya baiskeli, wati 250, ile inayokaa katikati ya gurudumu la mbele, pamoja na kontrola na betri ya volti 36. Nilidhani ni kazi ya Jumamosi moja: funga, washa, ondoka Nyamasaria.

Kumbe historia ilikuwa ikinisubiri kwa fundi. Baiskeli yangu ni Black Mamba, na hiyo ilirithi vipimo vya Waingereza: matundu 32 ya spoki mbele, 40 nyuma. Mota ina 36! Ukibadilisha rimu, zile breki za vyuma zinazobana rimu kwa ndani hazipati pa kushika. Fundi, mzee aliyewahi kuwa boda boda, alitazama akacheka: "Omera, umenunua injini ukasahau breki." Ikabidi achomelee kishikio kwenye foki ili tufunge breki ya waya.

Akichomelea, tukazungumza. Boda boda ilizaliwa Busia miaka ya 1960, watu wakivushwa kwa baiskeli kati ya Kenya na Uganda. Tambarare ya Kano iliipokea vizuri, maana kutoka hapa hadi Ahero hakuna mlima wa kusema. Baiskeli zilipambwa: kiti cha sponji juu ya karia, vioo, kengele, na dainamo inayosugua tairi kuwasha taa. Dainamo kama hiyo kwa kawaida hutoa volti 6, wati 3. Kwa hiyo umeme ulikuwa kwenye baiskeli zamani, ila mtambo ulikuwa miguu :-) Mwishoni mwa miaka ya 2000 serikali iliondoa VAT kwenye pikipiki ndogo zisizozidi cc 250, na wengi waliokanyaga pedali wakakosa abiria. Mzee wangu hakuwa na pesa ya pikipiki. Akashika spana.

Mota nayo si mpya. Ogden Bolton wa Marekani alipewa hataza tarehe 31 Desemba 1895: mota ndani ya gurudumu la nyuma, betri ya volti 10 katikati ya fremu. Kilichokosekana kwa karibu miaka 100 ni betri nyepesi. Ile ya lithiamu Sony walianza kuiuza mwaka 1991.

Huku kwetu betri za kuchajiwa zilifika pia kwa wavuvi wa omena. Wao huvua usiku wa giza, wakivuta samaki kwa mwanga, na kwa miaka mingi mwanga huo ulitoka kwenye karabai za mafuta ya taa. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ilifungua Mbita kituo cha kuchaji kwa jua: mvuvi anachukua taa na betri iliyojaa, asubuhi anarudisha. WeTu, iliyoanzishwa na Siemens Stiftung mwaka 2019, iliendeleza kazi hiyo kando ya ziwa, ikaongeza na vyombo vya usafiri vya umeme. Pikipiki za leo zinazobadilishiwa betri vituoni zinafuata mpango uleule wa mvuvi: unalipia chaji, betri si yako.

Mimi nimenunua yangu, na imenigharimu kuliko baiskeli na mota kwa pamoja. Kuijaza si ghali: volti 36 mara ampea-saa 10 ni wati-saa 360, zaidi kidogo ya theluthi ya yuniti moja ya tokeni. Ikifa, hasara ni yangu. Anayekodi hana hasara hiyo, lakini siku kituo kikifungwa, au kontrola ikikataa betri ya kampuni nyingine, anabaki na chuma. Mistari michache ya programu inatosha kufunga mlango huo, nami huandika programu, najua. Ndiyo maana nilitafuta kontrola isiyouliza betri imetoka wapi.

Mzee hakukubaliana nami. Aliwahi kumiliki baiskeli yake yote hadi kengele, na haikumsaidia pikipiki zilipokuja. Yeye angekodi: mwenye betri ndiye abebe uzee wake. Bado sijapata la kumjibu.

Jana jioni tulifunga karia, madigadi na kengele. Dainamo alikataa kuitoa. Betri ikizima Rabuor usiku, alisema, angalau taa itawaka nikikanyaga.